Amani Ndani ya Dhiki: Kanisa la Ugogo katika Vita na Mtunya, 1914–1920

Utangulizi

Kila mchungaji aliyetumika katika uwanda wa kati wa nchi yetu analifahamu swali linalomngoja mlangoni pa nyumba ya ibada pale mvua zinapokatika mwezi wa pili na majani ya mtama yanapoanza kujikunja shambani. Mjane aliyepanda mara mbili na kupoteza mbegu mara mbili hataki kusikia maana ya neno la Kiyunani. Anataka kujua kama Mungu aliyemwomba bado yupo, na kama yupo, kwa nini amenyamaza. Mchungaji asiyekuwa na jibu hukimbilia methali tuliyolelewa nayo sote, kwamba baada ya dhiki ni faraja. Methali hiyo ni njema, nasi hatuidharau. Lakini huyo mjane hayuko baada ya dhiki. Yumo ndani yake.

Katika makala hii tunakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia. Tumechagua miaka ya 1914 hadi 1920 katika nchi ya Ugogo, yaani miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na ya njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Kanisa changa la uwanda huu lilipita katika mambo mawili yaliyotosha kulizima: walimu wake walifungwa, na waumini wake wakafa kwa njaa pamoja na jirani zao. Hata hivyo halikuzimika. Tunataka kuuliza ni saburi ya namna gani iliyolishika Kanisa hilo, na ni kwa jinsi gani mtumishi wa leo aweza kuifundisha saburi hiyo pasipo kuigeuza kuwa kauli ya kuwanyamazisha wanaoumia.

Nchi na watu wake

Ugogo ni nchi ya ukame. Mvua zake huanza kwa kawaida mwezi wa Desemba na kukoma Aprili, na hata katika mwaka mzuri huwa ni chache na hazina mpango. Kwa sababu hiyo wazee walitegemea mtama na uwele, mazao yavumiliayo jua, na juu ya hayo walitegemea ng'ombe. Ng'ombe hakuwa mali ya fahari tu. Alikuwa ndiye ghala la pili la nyumba. Nafaka ilipopungua, mwenye ng'ombe aliweza kumbadilisha kwa chakula katika nchi za jirani zilizopata mvua. Tena ng'ombe waligawanywa kwa ndugu na marafiki wa mbali kwa kukopeshana, ili ukame au ugonjwa wa mahali pamoja usimwachie mtu zizi tupu. Huo ulikuwa utaratibu wa busara uliojengwa na vizazi vilivyoijua njaa.

Yafaa pia tukumbuke jinsi Wagogo walivyoielewa amani. Peter Rigby, mtaalamu aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ameeleza juu ya neno *mbeho*, ambalo kwa maana ya kawaida ni upepo au ubaridi, lakini hutumika pia kutaja hali ya nchi nzima mbele ya nguvu zisizoonekana. Nchi ikiwa na *mbeho swanu*, yaani mbeho njema, mvua hunyesha, mifugo huzaa na watu hukaa kwa mapatano. Mtemi ndiye aliyetazamiwa kuitunza hali hiyo. Mvua zilipokataa, watu waliuliza ni nani aliyeiharibu nchi. Mwanafunzi wa Agano la Kale atatambua mara moja kwamba dhana hii haiko mbali na *shalomu* ya Waebrania, ambayo nayo huunganisha mvua, mavuno, haki na mapatano. Basi Injili ilipofika Ugogo ikitangaza amani, haikuwakuta watu wasiojua amani ni nini. Iliwakuta watu waliokuwa na kipimo cha amani tayari, nao waliipima Injili kwa kipimo hicho.

Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, CMS, kilichagua Mpwapwa mwaka 1876 kuwa kituo njiani kuelekea Uganda, na kazi ya kudumu ikaanza mwaka 1878. Mwaka 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo cha Mpwapwa kiliharibiwa, kikajengwa tena. Hata kufikia mwaka 1914 walikuwapo Wakristo Mpwapwa, Mamboya, Berega, Kongwa, Mvumi, Buigiri na mahali pengine, lakini walikuwa wachache. Katika Kanisa la CMS la uwanda huu hakuwapo bado Mwafrika hata mmoja aliyewekewa mikono ya ushemasi au ukasisi. Kazi ya kila siku ilikuwa mikononi mwa walimu, watu waliofundisha kusoma siku za juma na kuhubiri Jumapili. Upande wa kaskazini-magharibi mwa Ugogo, katika Iramba na Unyaturu, Misioni ya Leipzig ya Kilutheri ilikuwa imeanza kazi miaka michache tu kabla ya vita.

Vita na minyororo

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, wamisionari wa CMS walijikuta raia wa taifa adui ndani ya koloni la Wajerumani. Waliondolewa katika vituo vyao, wakawekwa kizuizini, na hatimaye wengi wao wakapelekwa Tabora. Hayo yalikuwa ya kutazamiwa katika vita. Yasiyotazamiwa ni yale yaliyowapata walimu Waafrika. Hao hawakuwa Waingereza, wala vita havikuwa vyao. Lakini kwa kuwa walifundishwa na Waingereza walishutumiwa kwamba hupeleka habari kwa adui, nao wakakamatwa, wakafungwa minyororo na kutumikishwa kazi ngumu. Walimu na watumishi wa misioni ya UMCA katika nchi ya Bonde walipatwa na mambo kama hayo. Mzungu aliyewekwa kizuizini alikuwa na serikali yake nyuma yake, ambayo siku moja ingedai hesabu. Mwalimu wa Kigogo au wa Kikaguru hakuwa na serikali yoyote ya kumdai.

Sisi Walutheri hatuna budi kuisoma habari hii kwa unyenyekevu. Dola iliyowafunga walimu hao ilitoka katika nchi ya Luther, na baadhi ya maofisa wake walibatizwa na kukipokea Kipaimara kwa Katekisimo ile ile tunayoifundisha sisi. Mkristo alimfunga Mkristo kwa ajili ya bendera. Wala upande wa pili haukuwa na mikono safi, kama tutakavyoona.

Majeshi ya Waingereza yaliingia Kondoa Irangi mwezi wa Aprili 1916, na mwisho wa Julai mwaka huo huo yakaitwaa Dodoma na reli ya kati. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, na wafungwa wakafunguliwa. Walimu walirudi kwa miguu katika nchi iliyokwisha kukanyagwa na majeshi mawili. Vituo vilikuwa vimenyamaza, shule zimefungwa, na wamisionari wengi hawakuwapo. Huu ndio wakati ambapo ingekuwa rahisi kwao kusema kwamba dini hii imewaletea minyororo tu. Wengi wao walifungua tena vitabu vyao wakaanza kufundisha.

Mtunya

Ndipo ilipokuja njaa. Tunapaswa kuzieleza sababu zake kwa uangalifu, kwa kuwa hapa ndipo mahubiri mengi hupotoka. Njaa hiyo haikuletwa na mbingu peke yake. Kwanza, jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo kulisha askari wake. Na jeshi la Waingereza lilipofika likachukua tena. Pili, wanaume wenye nguvu walikamatwa kwa maelfu kuwa wapagazi, wakabeba mizigo ya vita hadi kusini mwa nchi, wengi wasirudi. Mashamba yao yalikosa wa kuyalima. Tatu, ndipo mvua za msimu wa 1917 na 1918 ziliposhindwa. Ukame wenyewe haukuwa mgeni Ugogo. Kilichokuwa kipya ni kwamba ukame ulimkuta Mgogo hana ng'ombe wa kubadilisha, hana akiba ghalani, na hana kijana wa kutuma kutafuta chakula mbali. Mwishoni mwa mwaka 1918 homa ya mafua iliyoenea duniani kote ikaja juu ya watu waliokwisha kudhoofika.

Watu waliipa njaa hiyo jina la Mtunya, ambalo hufasiriwa kuwa ni kugombania, kunyang'anyana. Jina hilo ni ushuhuda mzito kuliko takwimu. Haikuitwa kwa jina la jua wala la nzige. Iliitwa kwa kile ilichowafanyia watu wao kwa wao. Wanahistoria hukadiria kwamba watu wapatao 30,000, yaani kama mmoja katika kila watano, walikufa. Wengine walitawanyika katika nchi za jirani, na simulizi za wazee zilikumbuka hata wazazi waliowaweka watoto wao rehani ili wapate chakula. Njaa haikukoma kabisa hadi mwaka 1920. Kwa kipimo cha *mbeho swanu*, nchi ilikuwa imeharibika kabisa: mvua, mifugo na mapatano, vyote vitatu vilikuwa vimeondoka pamoja.

Mwaka huo huo wa 1920 wamisionari Wajerumani waliamriwa na serikali mpya ya Waingereza kuondoka nchini. Kazi changa ya Leipzig katika Iramba na Unyaturu ikabaki bila wachungaji, mpaka Sinodi ya Augustana ya Marekani ilipoishika kazi ya Iramba mwaka 1926. Hivyo Waanglikana wa Ugogo na Walutheri wa Iramba, waliotengwa na mipaka ya misioni, walifundishwa somo moja na mkono ule ule wa vita, yaani kwamba Kanisa laweza kuondolewa walinzi wake wote wa duniani.

Saburi ilivyoonekana

Ni nini kilichofuata? Mwaka 1921 Andrea Mwaka na Haruni Mbega waliwekewa mikono, wakawa watumishi wa kwanza Waafrika wa Kanisa la CMS katika eneo hili kupewa daraja takatifu. Walitoka katika kizazi kile cha walimu waliouona wakati wa minyororo na wakati wa Mtunya. Mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, makao yake yakiwa Dodoma, chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia. Mwaka 1955 Yohana Omari aliwekwa wakfu Namirembe, Kampala, akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana katika nchi yetu, msaidizi katika dayosisi hiyo hiyo.

Hatusemi kwamba njaa ndiyo iliyolizaa Kanisa. Kusema hivyo kungekuwa kufuru juu ya wafu 30,000, kana kwamba Mungu aliwahitaji wafe ili dayosisi ipate kuundwa. Tunasema jambo dogo zaidi na, kwa maoni yetu, la kweli zaidi: walimu hao walibaki. Walikuwa wamepoteza ulinzi wa wazungu, walikosa mshahara wa uhakika, na walikuwa na njaa kama jirani zao. Wakabaki mahali pao, wakafundisha, wakazika, wakaomba. Neno la Kiyunani ambalo Biblia yetu hulitafsiri kuwa saburi, *hupomone*, asili yake ni kubaki chini: mtu anabaki chini ya mzigo bila kuutupa na bila kuukimbia. Katika Warumi 5:3–5 Mtume Paulo anaiweka saburi katikati ya mnyororo unaoanza na dhiki na kuishia katika tumaini. Tuangalie kwamba hausifu mzigo wenyewe. Anamsifu Mungu ambaye hamwachi aliye chini yake.

Luther aliyajua hayo kwa mwili wake. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa, na mwaka huo huo akaandika juu ya swali kama Mkristo aweza kuikimbia tauni. Jibu lake lilikuwa la busara: asiye na wajibu kwa mwenzake aweza kuondoka, lakini mchungaji na yeyote aliyekabidhiwa watu hawezi kuwaacha. Miaka tisa kabla ya hapo, katika mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, alikuwa ameitofautisha teolojia ya msalaba na teolojia ya utukufu. Teolojia ya utukufu humtafuta Mungu katika nguvu na mafanikio, na kwa hiyo humpoteza siku mafanikio yanapokwisha. Teolojia ya msalaba humtambua Mungu pale alipojificha, katika udhaifu na mateso ya Kristo. Walimu wa Ugogo hawakuwa wameusoma mjadala huo. Lakini walibaki mahali ambapo teolojia ya utukufu isingekuwa na sababu yoyote ya kumweka mtu.

Amani kabla ya faraja

Sasa tunaweza kurudi kwenye methali yetu. Baada ya dhiki faraja: methali huipanga dhiki kwanza, kisha faraja, moja baada ya nyingine kama masika baada ya kiangazi. Lakini katika Yohana 16:33 Bwana wetu anaviweka vitu viwili katika wakati mmoja. Ulimwenguni wanafunzi wanayo dhiki. Ndani yake yeye wanayo amani. Haiahidiwi amani ya kesho kwa ajili ya dhiki ya leo. Vivyo hivyo Paulo, alipowaandikia Wafilipi juu ya amani inayouzidi ufahamu wa mwanadamu, aliandika akiwa kifungoni.

Nabii Habakuki atusaidie zaidi, kwa kuwa sura yake ya tatu, aya ya 17 hadi 19, yaweza kusomwa Ugogo bila ufafanuzi wowote. Anahesabu hasara moja baada ya nyingine: miti isiyozaa, mashamba yasiyotoa chakula, zizi lisilo na kundi, banda lisilo na ng'ombe. Ni orodha ya Mtunya. Kisha anasema atamfurahia Bwana. Tukichunguza tutaona kwamba nabii haruki orodha. Hasemi kwamba ng'ombe si kitu. Anaitamka hasara yote kwa jina lake mbele ya Mungu, na baada ya kuitamka ndipo anaimba. Furaha inayoificha hesabu ya hasara si furaha ya Habakuki.

Mafunzo kwa mtumishi wa leo

Dodoma ya leo si ile ya mwaka 1918. Ni makao makuu ya nchi, yenye vyuo vikuu na barabara za lami. Lakini ukiondoka mjini mwendo wa saa moja utawakuta wakulima wanaotazama mawingu yale yale. Basi tunaona mafunzo matatu.

La kwanza ni kwamba tusiwahukumu wanaoteseka. Yapo mahubiri yaliyoenea siku hizi yanayofundisha kuwa mwenye imani ya kutosha hapungukiwi. Mahubiri hayo yakifikishwa kwenye kaburi la mtoto aliyekufa katika Mtunya, yanawashtaki wazazi wake. Rafiki zake Ayubu walihubiri hivyo, na Mungu akawakemea (Ayubu 42:7).

La pili ni kwamba tusimsingizie Mungu kazi ya wanadamu. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapofafanua ombi la mkate wa kila siku, hataji chakula peke yake. Anahesabu pia shamba na mifugo, serikali iliyo njema, hali ya hewa ifaayo, amani na majirani waaminifu. Mtunya ni ombi hilo la nne lililovunjwa kipengele kwa kipengele: mifugo ilinyang'anywa, serikali zilipigana, wanaume walitekwa, na mvua ikashindwa mwisho wa yote. Mchungaji aliyesimama mwaka 1918 na kusema tu kwamba ni mapenzi ya Mungu angekuwa amewaficha waliochukua ng'ombe. Saburi ya Kikristo ni ya mtu anayeubeba mzigo huku akijua ni nani aliyeuweka. Kwa hiyo kuwafundisha watu saburi na kuwasemea mbele ya wenye mamlaka ni utumishi mmoja.

La tatu ni kwamba amani iwe na mikono. Ikiwa Mtunya maana yake ni kunyang'anyana, basi kinyume chake si ukimya wa moyo tu bali ni kugawana. Usharika unaoweka akiba ya mtama wakati wa mavuno, kwa mfano wa Yusufu katika Mwanzo 41, unahubiri. Usharika unaomchukua yatima wa jirani unahubiri. Na ibada inayowapa watu nafasi ya kuomboleza kwa Zaburi ya 13 na ya 88, bila kuwaharakisha kufika kwenye sifa, inawafundisha kwamba hata kilio chaweza kupelekwa kwa Mungu badala ya kupelekwa mbali naye.

Hitimisho

Waliouona Mtunya kwa macho yao wamekwisha kulala. Wajukuu wao wangalipo katika sharika zetu, na wengine wanayo masimulizi waliyopokea jikoni kwa bibi zao. Tunawasihi wanafunzi wa teolojia wanaotoka katika eneo hili wayaandike masimulizi hayo kabla hayajapotea, kwa maana humo imo elimu ya msalaba ambayo haipatikani katika vitabu vya Ulaya.

Na yule mjane wa mwezi wa pili, aliyesimama mlangoni? Hatuwezi kumwambia mvua itanyesha lini. Twaweza kumwambia kwamba Kristo yumo ndani ya dhiki yake na haingojei mwishoni. Twaweza kumwambia kwamba katika nchi hii hii, watu waliopoteza zaidi yake walibaki chini ya mzigo na hawakuachwa. Lakini hatuna haki ya kumwambia hayo tukiwa tumesimama mlangoni. Kwanza tuingie, tuketi naye, na tuulize ndani mwake kuna debe ngapi za mtama.